Kimya Kingi Kina Mshindo: Historia ya Kengele Ambazo Hakuna Aliyezisikia

Kuna dada mmoja hapa Lurambi aliyeitwa mwizi kwa sababu yangu. Sikumsingizia kitu. Hata sikuwepo siku hiyo. Nilichofanya ni kuandika skripti ya mistari kama arobaini, nikaiacha ifanye kazi usiku, nikaenda kulala.

Wacha nianze mwanzo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Hiyo ni stori ya siku nyingine, na kwetu nyumbani bado haisimuliwi wakati wa chakula. Kabla ya kamera na hizi posti zangu, nilikuwa yule kijana wa mtaa ambaye kompyuta ikikwama unamwita. Printa, Wi-Fi, laini ya simu iliyofungwa, zote zangu. Ndivyo Mama mmoja mwenye duka la jumla alivyonipata. Ana duka kubwa na tawi dogo upande wa pili wa mji. Tawi linauza, lakini stoku yote inahesabiwa kwenye duka kubwa. Kila jioni alikuwa akipiga simu, anasomewa mauzo, anaandika kwenye kitabu cha jalada gumu.

Nikamwambia, "Mama, hiyo kazi tuachie mashine." Nikamwekea kompyuta ya Linux na skripti yangu. Kila usiku saa tano ilifanya mambo mawili. Kwanza ilitengeneza bakapu ya hesabu zote. Pili ilichukua mauzo ya tawi na kuyapunguza kwenye stoku ya duka kubwa. Miezi saba ilifanya kazi safi. Mama akaniita kijana wangu, akanipa soda kila nikipita.

Shida ni hii: kila usiku bakapu mpya iliongezeka, na mimi sikuwa nimeandika popote kwamba za zamani zifutwe. Siku moja diski ikajaa. Bakapu ikagoma. Na kwa kuwa nilikuwa nimeamuru kwamba hatua ya kwanza ikifeli kila kitu kisimame, hatua ya pili nayo haikufanyika. Tawi likaendelea kuuza sukari na mafuta ya kupikia, na kompyuta ikaendelea kusema mali hiyo yote bado iko stoo.

Siku kumi na tisa baadaye Mama akahesabu stoo kwa mkono. Mali haikufika. Pengo lilikuwa la zaidi ya shilingi elfu sitini. Nani anashika funguo? Dada wa kaunta. Akaambiwa achague: alipe polepole kwa mshahara wake au aende. Akaenda, na jina lake likabaki nyuma likizungumzwa.

Mimi niliitwa siku ya nne baada ya hapo, kwa jambo lingine kabisa. "Kijana wangu, hii kompyuta imekuwa nzito." Nikakuta diski imejaa. Kisha nikafungua sanduku la barua lililo ndani ya mashine yenyewe, ambalo watu wengi hata hawajui lipo. Nikakuta barua 23. Kila usiku, muda mfupi baada ya saa tano, mashine ilikuwa imeniandikia kwamba imeshindwa. Barua 23, na hakuna hata moja iliyofunguliwa.

Niliganda pale kwenye kiti. Na tangu siku hiyo nimekuwa nikichimba swali moja: hii aibu ni yangu peke yangu, ama kuna wengine? Wasee, kuna wengine. Wana majengo ya vioo na mishahara ambayo mimi na wewe hatuwezi kuitaja bila kucheka. Leo nataka tuipitie hiyo historia, kwa sababu naona kila mtu anazungumzia programu zinazofanya kazi, na hakuna anayezungumzia zile zinazokufa kimyakimya.

Kazi za usiku

Kwanza tuelewane. Biashara yoyote inayotumia kompyuta ina kazi ambazo hakuna mtu anayezibonyeza. Ile ada ya kila siku ya Fuliza, hakuna mtu anayekaa ofisini akikukata wewe binafsi. Riba ya benki, ripoti ya mauzo, mshahara wa mwisho wa mwezi, mesej ya kukumbushwa deni, bakapu: zote ni kazi zilizopangiwa saa, na zinaenda chinichini wewe ukiwa umelala. Zikienda vizuri huzioni. Zisipoenda pia huzioni, angalau mwanzoni. Hapo ndipo kuna mtego.

Kampuni ya kwanza duniani kutumia kompyuta kwa kazi za kawaida za biashara haikuwa benki wala jeshi. Ilikuwa kampuni ya chai na keki. J. Lyons & Co. ya Uingereza, iliyokuwa na mikahawa kila mahali, ilijitengenezea kompyuta ikaiita LEO. Mwezi wa Novemba 1951 mashine hiyo ilianza kupiga hesabu za mikate na keki za kampuni. Yaani kompyuta ya biashara ilizaliwa kwa mandazi. Kama kuna mtu Kakamega anayepaswa kudai haki ya teknolojia, ni wale akina mama wa chai na mandazi pale stejini.

Lakini kilichonishika kwenye stori ya LEO ni spika. Waliunganisha spika na moyo wa mashine, na kazi ikiwa inaendelea ilitoa sauti. Waendeshaji wakaizoea. Programu ikianza kuzunguka mahali pamoja bila kusonga, mlio ulibadilika, na mtu aliyekuwa chumbani alijua kuna kitu. Hiyo ni miaka zaidi ya sabini iliyopita. Kompyuta za kwanza za biashara zilikuwa na sauti, na palikuwa na binadamu karibu wa kuzisikia.

Kisha mashine zikaongezeka, zikafungiwa vyumba vyao, na binadamu akaenda nyumbani.

Dar es Salaam, 1974

Huku kwetu Afrika Mashariki tuna funzo letu, na sijui kwa nini hatufundishwi. Mwaka 1965 serikali ya Tanzania iliweka kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha, mashine ya Uingereza iitwayo ICT 1500. Mpango ulikuwa mzuri: hesabu za serikali ziende kwa mashine. Haikuenda hivyo. Mfumo wa hesabu ulishindwa, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Miaka ya themanini ndipo kamba ikaanza kulegezwa.

Watu wakisikia hiyo stori hucheka, ati Tanzania iliogopa kompyuta. Mimi sicheki tena. Fikiria wewe ndiye waziri. Mashine inakuletea karatasi zenye namba nadhifu, na siku unapogundua namba hizo si za kweli, huna njia ya kujua zilianza kupotoka lini. Kukosea peke yake kunasameheka, hata karani wa kalamu hukosea. Lakini karani akichanganyikiwa utaona jasho lake. Kompyuta iliyochanganyikiwa ina uso uleule wa kompyuta iliyo sawa. Usipoweza kutofautisha hizo mbili, utafanya alichofanya Mama wa duka kwa dada wa kaunta, ama ilichofanya Tanzania kwa kompyuta: utafukuza tu kitu fulani.

Falsafa ya kunyamaza

Mwaka 1979 lilitoka toleo la saba la Unix, mfumo uliotengenezwa Bell Labs, Marekani. Ndani yake kulikuwa na programu ndogo iitwayo cron. Kazi yake ni rahisi kama ya mtwana wa zamani: inaamka kila dakika, inasoma orodha, inauliza "kuna kazi ya saa hii?" Ikiwepo, inaianzisha. Ikikosekana, inalala tena. Mwaka 1987 Paul Vixie aliandika toleo lake, na ukoo wa hilo toleo ndio uko kwenye mashine nyingi za Linux mpaka leo. Hata ile ya duka la Mama.

Sasa, watu wa Unix walikuwa na tabia yao. Programu ikifaulu, inyamaze. Iongee tu ikiwa na jambo. Ni adabu nzuri, si uongo. Hakuna anayetaka kompyuta inayojisifu kila sekunde. Na cron ilifuata adabu hiyo: kazi ikitoa maneno yoyote, inamtumia mwenye kazi kwa barua. Isipotoa, kimya.

Lakini tazama shimo lililo hapo. Kimya kina maana mbili. Kinaweza kuwa "nimemaliza salama." Kinaweza pia kuwa "nimekufa, sikuanza hata." Kwa wewe uliye mbali, sauti ni moja. Waswahili walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sidhani walikuwa wakifikiria seva, lakini walizielewa kuliko mimi.

2012: mwaka wa barua zisizosomwa

Twende Uingereza, Juni 2012. Kundi la benki la RBS, pamoja na NatWest na Ulster Bank, lilibadilisha toleo la programu inayopanga kazi za usiku. Toleo jipya likaleta matatizo, wakalirudisha la zamani, na hapo ndipo kuliumana, kwa sababu hayo mawili hayakupatana. Kazi za usiku hazikukamilika. Kazi ya leo isipokamilika, ya kesho inaanza na deni, na ya kesho kutwa na deni la deni. Wateja wasiopungua milioni 6.5 waliguswa. Mishahara haikuonekana, watu hawakuweza kulipa bili, na kwa wateja wa Ulster Bank shida iliendelea hadi Julai. Mwaka 2014 wasimamizi waliipiga benki faini ya pauni milioni 56.

Huko Marekani, tarehe 1 Agosti mwaka huohuo, kampuni ya kununua na kuuza hisa iitwayo Knight Capital ilikuwa imeweka programu mpya kwenye seva zake. Seva nane. Mpya ikafika kwenye saba. Ya nane ikabaki na programu ya kizamani, na asubuhi soko lilipofunguliwa ile ya kizamani ikaamka na kuanza kununua na kuuza kama mlevi aliyepewa ATM. Kwa dakika kama 45 kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 460.

Sasa sikiliza sehemu inayoniuma. Kabla soko halijafunguliwa, mifumo ya Knight ilikuwa imetuma barua pepe 97 kwa wafanyakazi zikitaja hitilafu. Tisini na saba! Uchunguzi wa serikali ulisema barua hizo hazikutengenezwa kuwa kengele, na kwa kawaida wafanyakazi hawakuzisoma zilipoingia. Mimi nilikuwa na 23, wao 97. Tofauti yetu ni mamilioni ya dola na kiyoyozi.

Barua zilizokataliwa mlangoni

Na unaweza kusema: basi barua ziende kwa watu wanaozisoma. GitLab walikuwa na watu wa aina hiyo. Hii ni huduma ambapo mainjinia wa dunia nzima huhifadhi programu zao. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, injinia aliyechoka alikuwa akipambana na tatizo la hifadhidata. Akafuta folda. Alipogundua yuko kwenye seva isiyo yake, takriban gigabaiti 300 zilikuwa zimebaki 4 na nusu.

Sawa, makosa hutokea, ndiyo maana kuna bakapu. Wakaenda kwenye bakapu. Folda ilikuwa tupu.

Kazi ya kila siku ya kutengeneza bakapu ilikuwa ikifeli, kwa sababu chombo cha kunakili kilikuwa cha toleo la zamani kuliko hifadhidata yenyewe. Je, cron ilinyamaza? Hapana! Ilituma barua za kufeli. Lakini barua hizo hazikuwa na saini ya uthibitisho inayotakiwa, kwa hiyo zilipofika mlangoni mfumo wa barua ukazikataa kama unavyokataa matapeli. Kengele ililia, mlinzi wa geti akamfukuza aliyeibeba.

Kilichowaokoa ni bahati. Injinia huyohuyo, saa sita kabla, alikuwa amechukua nakala kwa mkono kwa ajili ya majaribio. Wakarudishia hiyo. Data ya saa sita ikapotea, miradi kama 5,000 ikaguswa. Lakini nawapa heshima kwa jambo moja: walirusha kazi ya uokoaji moja kwa moja YouTube, dunia nzima ikiwatazama, na baadaye wakaandika kila kosa lao hadharani. Ndiyo sababu mimi, kijana wa Lurambi asiye na digrii, naweza kukusimulia. Wangeficha, ningedhani niko peke yangu.

Kumbe sisi tulishajua

Hapa nataka tujipongeze kidogo. Wakenya tulipata jibu la hili tatizo bila kwenda darasani, na lilitufikia kwa simu za kabambe.

Safaricom ilizindua M-Pesa tarehe 6 Machi 2007. Fikiria hofu ya mteja wa kwanza. Unampa mtu pesa taslimu kwenye kibanda, anabonyeza simu, na pesa zako zimeenda wapi? Hewani. Kilichoshika imani ni kitu kidogo: mesej ya uthibitisho. Mtumaji anapata yake, mpokeaji anapata yake. Na bila mwalimu yeyote, taifa zima lilijenga sheria: hutoki dukani kabla mesej haijaingia. Mama mboga hakupi sukuma wiki kwa sababu umesema "nimetuma." Anasema, "Ngoja iingie."

Ona ujanja uliomo. Kwenye M-Pesa, kimya hakisomwi kama habari njema. Kimya ni swali. Mesej isipokuja kwa dakika mbili, unaanza kukasirika, unauliza balansi, unapiga simu. Sisi tumegeuza adabu ya Unix juu chini: kufaulu ndiko lazima kutangazwe, na kukosekana kwa tangazo ndiyo kengele yenyewe.

Na hilo si geni. Kukhu wangu husimulia kwamba zamani sokoni kwao palikuwa na kipande cha reli kimening'inizwa mtini, na mlinzi alikigonga kila saa usiku. Hakukigonga kwa sababu ya wezi. Alikigonga kusema niko macho. Siku reli isipolia, wazee waliamka kwenda kuangalia. Huko Uingereza, yapata mwaka 1750, fundi saa aitwaye John Whitehurst alitengeneza saa ya walinzi kwa wazo hilohilo: mlinzi anabonyeza kijiti kila kipindi, na asubuhi mwenye mali anaona vipindi vilivyorukwa. Treni nazo zikapata mkono ambao dereva lazima aushikilie. Akizimia, mkono unaachiwa, treni inafunga breki yenyewe. Hakuna anayemngoja dereva aseme "jamani, nimezimia."

Kwa hiyo karne mbili kabla ya cron, watu walikuwa wameelewa: usimwombe mgonjwa akuambie ameugua. Mwombe aliye mzima akuambie yuko sawa, kisha sikiliza anaponyamaza.

Nilivyorekebisha

Nilirudi kwa Mama, nikaketi, nikamwambia ukweli wote kabla sijagusa kibodi. Ilikuwa ngumu kuliko mtihani wowote niliowahi kuukimbia. Kisha nikabadilisha mambo manne. Nawaandikia kwa sababu najua wengi wenu mnatengenezea watu mifumo ya shule, sako na maduka, na mteja wako hatawahi kukuuliza haya.

Moja, kazi ikimaliza, lazima iripoti. Mstari wa mwisho wa skripti sasa unagonga anwani moja ya intaneti kusema nimemaliza. Huko upande wa pili kuna huduma inayohesabu muda. Hodi isipofika hadi saa tano na nusu usiku, inatuma ujumbe. Kuna huduma nyingi za hivi. Healthchecks, iliyoanzishwa Latvia mwaka 2015, ina kiwango cha bure kinachotosha duka. Kitu cha lazima ni kwamba mwenye kuhesabu akae nje ya mashine inayohesabiwa. Hapa kwetu mvua ya alasiri inakuja na radi zake, stima inaenda. Kompyuta iliyozimika haiwezi kutuma barua kusema imezimika. Marehemu hajitangazii matanga.

Mbili, ujumbe uende kwa mtu mwenye jina. "Timu" si mtu. Barua 97 za Knight zilienda kwa kundi, na mzigo wa wote hubebwa na hakuna. Yetu inakuja kwenye simu yangu. Nisipojibu hadi asubuhi, inaenda kwa Mama, kwa Kiswahili: "Mauzo ya tawi ya jana hayajaingia. Usihesabu stoo leo." Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo muhimu kuliko programu yote. Kengele nzuri inamwambia mtu la kufanya, na la kutofanya.

Tatu, punguza makelele. Mwanzoni, kwa uoga, niliweka kengele kwa kila kitu: diski imefika nusu, intaneti imepotea sekunde kumi, mtu ameingia, mtu ametoka. Wiki ya pili nilikuwa nafuta ujumbe bila kusoma. Kelele za mlango haziniwasi usingizi, ndivyo wahenga walivyosema, na ndivyo kengele nyingi zinavyokuwa mlango mbovu. Nikabakiza zile tu ambazo zikilia nitaamka kweli. Nyingine nazisoma Jumatatu na chai.

Nne, jaribu kengele yako. Kila mwezi nazima kazi moja makusudi, nangoja simu ilie. Pia nafungua bakapu moja na kuirudisha kwenye mashine nyingine nione kama hesabu zimo kweli. Folda ya GitLab ilikuwa na jina zuri tu. Kilichokosekana ni kilicho ndani.

Gharama ya hayo yote? Jioni mbili na bando.

Nani hulipa kimya

Kitu kimoja bado hakijaniacha. Katika stori hizi zote, mashine iliponyamaza, kuna mtu alilipa, na mara nyingi si aliyeiandika.

Uingereza waliona hilo kwa ukubwa wa kutisha. Kuanzia mwaka 1999 shirika la posta la nchi hiyo lilianza kutumia mfumo wa hesabu uitwao Horizon, wa kampuni ya Fujitsu. Mfumo ulikuwa na hitilafu, ukaonyesha mapengo ya pesa kwenye vituo vidogo vya posta. Wenye vituo wakaambiwa ni wezi. Kwa miaka, watu zaidi ya 900 walihukumiwa kwa kesi zilizotokana na hizo namba. Wengine walifungwa, wengine walifilisika. Mahakamani kompyuta ilichukuliwa kuwa iko sawa mpaka mshtakiwa athibitishe vinginevyo, na mama wa posta ya kijijini angethibitisha vipi? Iliwabidi wapigane mpaka mwaka 2019 ndipo Mahakama Kuu ikasema mfumo ulikuwa na kasoro, na mwaka 2024 bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu zao kwa pamoja.

Niliposoma hayo nilimwona dada wa kaunta. Yeye hakufika kortini, lakini utaratibu ulikuwa uleule. Kompyuta haijasema kuna shida, kwa hiyo shida ni wewe. Ndiyo maana siwezi tena kuita hizi kengele mambo ya mainjinia. Ukiwa na mfumo usio na njia ya kusema "leo sikufanya kazi yangu," umeshaandaa shahidi wa uongo, na siku moja ataitwa dhidi ya mtu asiyeweza kujitetea.

Mama alimpigia simu, akamwomba msamaha, akamwambia arudi. Mimi pia nilienda, nikamkuta amepata kazi kwa duka lingine. Nilimweleza kuhusu diski, skripti, barua 23. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia kitu ambacho nimekiandika kwenye karatasi juu ya skrini yangu: mashine yangu iliponyamaza, mimi niliitwa kuirekebisha, yeye aliponyamaza, aliitwa mwizi.

Hakurudi. Kwa Mama kuna mtu mwingine kaunta sasa. Kila asubuhi kabla ya kufungua, huyo mtu anaangalia simu ya duka kwanza. Ujumbe wa usiku ukiwepo, anafungua stoo. Usipokuwepo, ananipigia mimi.

Jana alinipigia saa moja kasoro asubuhi. Nilikuwa na usingizi mzito. Nikaamka.